Chemchemi Si Zawadi ya Uchaguzi: Maji ya Eldoret na Utawala wa Sheria

(Hotuba iliyotolewa mjini Eldoret mbele ya wanaharakati wa mageuzi na waumini wa makanisa mbalimbali)



Tumeombwa tuzungumze juu ya maji, ilhali sisi ni mawakili. Huenda wengine wenu mkauliza: wakili na chemchemi, wapi na wapi? Jibu letu ni fupi. Mto huanza kufa miaka mingi kabla ya kukauka. Hufa mezani, kwa kalamu, siku ile mpaka wa msitu unapochorwa upya gizani, au hatimiliki inapotolewa kwa ardhi isiyoweza kutolewa, au amri ya mahakama inapotupwa kapuni. Mama wa kijijini anapokuta matope ndani ya ndoo yake, kesi yake ilikwisha kuamuliwa zamani, tena bila yeye kuitwa shahidi.

Kwa hiyo twaja mbele yenu na jambo moja tu. Vyanzo vya maji ni amana ya umma. Hakuna kiongozi, awe wa chama tawala au wa upinzani, aliye na haki ya kuvigawa kama zawadi. Na hakuna afisa, hata akijiita mlinzi wa mazingira, aliye na haki ya kuvilinda kwa kuvunja sheria. Maneno haya mawili huenda pamoja. Tukilishika moja na kuliacha la pili, tutapoteza yote.

MAJI YETU YATOKA WAPI

Jina la Eldoret latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe. Mto huo ndio Sosiani, unaopita katikati yetu. Agosti 2024 mji huu ulikabidhiwa hati ya kuwa jiji. Basi tuna jiji lililopewa jina na mto, na bado wengi wetu hatujui mto huo waanzia wapi.

Sosiani hukusanya maji yake kutoka nyanda za juu za upande wa Kaptagat, na huko juu ndiko yaliko mabwawa ya Ellegirini na Two Rivers. Maji mengine tunayokunywa hutoka mbali zaidi, katika bwawa la Chebara, lililojengwa juu ya mto Moiben katika milima ya Cherangani, kaunti ya Elgeyo Marakwet. Cherangani ni mojawapo ya maeneo makuu matano ya vyanzo vya maji nchini, pamoja na Mau, Mlima Elgon, Aberdare na Mlima Kenya. Kilele cha nyanda hizi ni kama paa la nyumba. Maji yaangukayo upande wa mashariki huteremkia bonde la Kerio na kufika ziwa Turkana. Yale ya magharibi huingia Nzoia, yakapita Trans Nzoia na nchi ya Waluhya, na kumwagika katika ziwa Viktoria huko Budalang'i. Kutoka hapo huingia Nile. Mtu anayefyeka ukingo wa chemchemi moja Cherangani ana majirani asiowajua, kuanzia Lodwar hadi Misri.

Tueleze kidogo jinsi kazi hiyo inavyofanyika, kwani wapo wanaosema kwamba mvua ni ya Mungu na msitu hauna habari nayo. Mvua inyeshapo juu ya msitu wa asili, majani huyavunja nguvu matone. Maji huangukia majani makavu na mizizi, yakazama udongoni polepole. Udongo huo huyaweka kama akiba ghalani, na kuyatoa kidogo kidogo kwa njia ya chemchemi, hata Januari na Februari ambapo mawingu yametoweka. Ondoa mitarakwa na mianzi, lima viazi kwenye mteremko mkali, na mvua ile ile itateremka kwa siku moja ikiwa imebeba udongo. Aprili tutakuwa na mafuriko, Februari tutakuwa na kiu, wala mvua haitakuwa imepungua hata tone moja. Kilichopungua ni ghala.

Miteremko hii imekwisha kutuonya. Novemba 2019 maporomoko ya ardhi yaliwaua watu zaidi ya 40 katika Pokot Magharibi. Aprili 2020 janga likawakuta watu wa Chesegon, mpakani mwa Pokot Magharibi na Elgeyo Marakwet. Novemba 2025 ikawa zamu ya Chesongoch, Marakwet Mashariki, ambako zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Ni kweli kwamba mvua ilikuwa kubwa na genge ni refu. Lakini mlima uliovuliwa nguo huanguka upesi kuliko uliovikwa.

KALAMU NDIYO ILIYOTANGULIA PANGA

Wanaharakati wenzetu, madai ya vyama vingi hayakuwa madai ya vyama tu. Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa Desemba 1991, wananchi walitaka uwazi na uwajibikaji, wakitumaini kwamba mali ya umma haitatumiwa tena kununua utiifu. Yaliyofuata yalitufunza mengi. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 na kukamilisha ripoti yake mwaka 2004, iligundua kwamba ugawaji haramu wa ardhi ya umma uliongezeka hasa karibu na chaguzi za 1992, 1997 na 2002. Ilikadiria hatimiliki haramu kuwa takriban 200,000. Maana yake ni nini? Kura ilipokuwa ya kushindaniwa, msitu ukawa sarafu ya kuinunulia.

Mwaka 2001, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, serikali ilitangaza nia ya kuondoa takriban hekta 67,000 katika hifadhi za misitu, Mau ikiwamo. Kikosi kilichochunguza hali ya Mau kilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2009 kwamba zaidi ya hekta 100,000, yaani karibu robo ya msitu wote, zilikuwa zimepotea katika miaka iliyotangulia. Miongoni mwa waliogawiwa walikuwamo maskini wa kweli wasio na pa kulala. Walikuwamo pia wakubwa waliotumia majina ya maskini hao kama mwavuli.

Si kwamba watu walinyamaza. Askofu Alexander Muge, aliyeliongoza kanisa la Kianglikana hapa Eldoret, alikemea unyakuzi wa ardhi wakati ambapo kukemea kulikuwa na gharama. Agosti 14, 1990 alikufa katika ajali ya barabarani akirejea kutoka Busia, siku chache baada ya waziri mmoja kumwonya hadharani asikanyage huko. Profesa Wangari Maathai, mwasisi wa Green Belt Movement mwaka 1977, alisimama katika bustani ya Uhuru mwaka 1989, na katika msitu wa Karura mwaka 1998 na 1999, ambako alipigwa hadi akavuja damu. Karura ingali msitu hadi leo. Anayesema kwamba sauti ya wananchi haiokoi mti, na akatembee Karura.

SHERIA YASEMAJE

Tofauti ya nyakati zile na hizi ni kwamba sasa tunayo silaha ambayo wao hawakuwa nayo. Katiba ya mwaka 2010 yatamka katika Kifungu cha 62 kwamba misitu ya serikali, maeneo ya vyanzo vya maji, na mito na maziwa yote kama yalivyofafanuliwa na sheria, ni ardhi ya umma. Kifungu cha 42 chatupa haki ya mazingira safi, na cha 43 haki ya maji safi ya kutosha. Kifungu cha 69 chaiamuru serikali ifikishe na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi, na iwashirikishe wananchi. Tena chamwamuru kila mtu, si serikali peke yake, kushirikiana katika kuyatunza mazingira. Na Kifungu cha 40 kimeweka wazi kwamba ulinzi wa mali hauenei kwa mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Hatimiliki iliyozaliwa na wizi haitakaswi na mhuri.

Twawaomba mkikumbuke zaidi Kifungu cha 70. Chasema kwamba mtu yeyote anayeona haki ya mazingira inavunjwa, au inakaribia kuvunjwa, aweza kwenda mahakamani, wala halazimiki kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Zamani mahakimu walituuliza: mto huu ni wako? Siku hizi swali hilo limekufa. Mto ni wa kila mmoja wetu.

Silaha hiyo imekwisha kutumiwa. Februari 2018 ukataji wa miti katika misitu ya umma ulipigwa marufuku. Julai 2023 Rais akatangaza kuiondoa marufuku hiyo. Chama cha Mawakili cha Kenya kikaenda mahakamani, na Agosti mwaka huo Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikatoa amri ya kuisimamisha hatua hiyo. Tusieleweke vibaya. Hatuna uadui na wenye viwanda vya mbao, kwani katika mji huu familia nyingi hula kwa mbao. Misonobari iliyopandwa ili ivunwe yaweza kuvunwa, mradi ipandwe upya. Tunachokataa ni neno la mtu mmoja, hata akiwa mkuu kiasi gani, kushika mahali pa sheria na pa maoni ya wananchi.

MWENYE HATIMILIKI NA MWENYE KIBANDA

Sasa twafika mahali pagumu, nasi hatutapakwepa.

Katika msitu wa Embobut, juu ya Cherangani, wameishi Wasengwer tangu enzi za mababu. Waliongezeka wengine humo: waliokimbia maporomoko ya ardhi, waliokimbia ghasia za siasa, na wengine waliofuata malisho na mashamba. Mwaka 2013 serikali iliahidi shilingi 400,000 kwa kila familia iliyotambuliwa ili ihame. Wasengwer walikwenda Mahakama Kuu hapa Eldoret wakapata amri ya kuzuia wasifukuzwe. Hata hivyo, Januari 2014 walinzi wa misitu na polisi waliingia, na nyumba zikachomwa moto. Januari 2018 Msengwer mmoja alipigwa risasi akafa katika shughuli kama hiyo, na Umoja wa Ulaya ukasimamisha fedha za mradi wa kulinda vyanzo vya maji vya Elgon na Cherangani, mradi wa Yuro milioni 31. Damu ilipomwagika kwa jina la maji, hata fedha za kuyalinda maji zilikoma.

Sisi twasema wazi kwamba Embobut yahitaji kupona. Mashamba yaliyofyekwa katikati ya chanzo cha maji hayana budi kurudishwa kuwa msitu. Lakini twauliza: mbona mwenye kibanda hupelekewa moto, na mwenye hatimiliki haramu hupelekewa barua? Hatimiliki nyingi zilizotajwa na Tume ya Ndung'u hazikufutwa. Sheria yenye mikono miwili namna hiyo haiwezi kulinda chemchemi, kwa sababu wananchi huiona kuwa fimbo ya mnyonge, nao hukataa kuisaidia.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imekwisha kutoa mwanga juu ya jambo hili. Mei 26, 2017, katika kesi ya Waogiek wa Mau, iliamua kwamba Waogiek hawawezi kubebeshwa lawama ya uharibifu wa msitu ule, na kwamba hifadhi haikuwa sababu halali ya kuwafukuza. Juni 23, 2022 iliamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157. Katiba yetu nayo, katika Kifungu cha 63, yatambua ardhi ya asili ya jamii za wawindaji kuwa ardhi ya jamii. Basi pana njia ya tatu kati ya kuwafukuza wote na kuwaachia wote: kutenganisha mwenyeji wa asili na mvamizi, mhitaji na tapeli, kisha kuwapa wenyeji wajibu wa kulinda, ulioandikwa na wenye masharti.

Wala hatuhitaji kwenda ng'ambo kujifunza kwamba watu wa mlimani wanaweza kutunza maji. Wamarakwet wamechimba mifereji ya kunyunyizia mashamba kutoka gengeni hadi bonde la Kerio, na kwa vizazi vingi koo zimegawana maji yake kwa zamu, zimeikarabati pamoja, na wazee wamewatoza faini wavunjaji wa kanuni. Hiyo ni sheria ya maji iliyotangulia sheria za Bunge.

DENI LA JIJI

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Sisi wa jiji hunywa maji ya Chebara, tukayatumia kuoshea magari, kisha tukawaita watu wa milimani waharibifu. Kwa miaka mingi viongozi na wakazi wa Elgeyo Marakwet wamelalamika kwamba maji yao huteremka Eldoret bila wao kupata faida inayostahili. Twaona lalamiko hilo ni la haki, nalo litazamwe kabla halijageuzwa kuwa chuki.

Mwaka 1997 jiji la New York lilifanya mapatano na jamii za milima ya Catskill, ambako maji yake hutoka. Badala ya kujenga mtambo mkubwa mno wa kuchujia maji, jiji lilikubali kutumia fedha kutunza ardhi na kuwasaidia wakulima wa huko juu. Hapa kwetu, mfuko wa maji wa Nairobi na Tana ya juu ulizinduliwa mwaka 2015 kwa fikira hiyo hiyo. Eldoret yaweza kufanya vivyo hivyo: sehemu ya kila ankara ya maji itengwe, ihesabiwe hadharani, na irudi Cherangani na Kaptagat kwa miche, matuta ya kuzuia mmomonyoko, na malipo kwa mkulima anayeacha ukingo wa chemchemi bila kulimwa.

TUFANYE NINI

Ndugu na dada, mkutano usio na kazi ya kufanya kesho yake ni porojo. Twapendekeza mambo manne.

La kwanza, tusome. Chini ya sheria ya misitu ya mwaka 2016, mpaka wa msitu wa umma haubadilishwi na mtu kimyakimya. Jambo hilo lazima lipitie Bunge. Kila kundi la wanaharakati lichague mtu mmoja wa kupitia Gazeti Rasmi la Serikali kila wiki na kutoa taarifa. Unyakuzi hupenda giza, na taa ya kwanza ni kusoma.

La pili, tujiunge. Sheria imevipa nafasi vyama vya jamii vya misitu na vyama vya watumiaji wa maji. Vingi vyao vimeachiwa watu wachache wenye maslahi yao. Waumini wakiingia humo kwa wingi, na kudai hesabu za fedha na uchaguzi wa haki, tutakuwa tumepeleka mageuzi hadi kwenye mto wenyewe.

La tatu, tuanze na uwanja wa kanisa. Mashirika ya dini yana ardhi kubwa katika nyanda hizi. Kanuni za maji zataka ukanda wa ukingo usiopungua mita 6, na unaoweza kufika mita 30, uachwe bila kulimwa wala kujengwa. Je, shamba la parokia limeuheshimu ukanda huo? Je, tumepanda mikaratusi penye kinamasi kwa sababu nguzo za umeme zina bei nzuri? Mikaratusi hunywa maji mengi. Mahali pake ni kilimani pakavu, mbali na chemchemi. Katika kinamasi cha Kingwal, Nandi, mikaratusi, kilimo na uchomaji wa matofali vimekuwa vikiyabana makao ya nzohe, swala wa majini aliye adimu. Kanisa litakalong'oa mikaratusi yake chemchemini na kupanda miti ya asili litakuwa na haki ya kuhubiri juu ya jambo hili.

La nne, tuulize kabla ya kupiga kura. Kila anayeomba kiti, kuanzia wadi hadi ikulu, aulizwe kwa maandishi: je, unashikilia ardhi yoyote iliyomegwa kutoka msituni au kinamasini? Je, utapinga ugawaji wa ardhi ya vyanzo vya maji, hata ikiwa wanaogawiwa ni wa kabila lako? Swali hili la mwisho ndilo zito. Mara ngapi mnyakuzi akiguswa hukimbilia kwa watu wake na kulia kwamba kabila limeshambuliwa? Maji ya Moiben huanzia kwa Wamarakwet na Wasengwer, hupitia mashamba ya Uasin Gishu, huwanywesha Waluhya, na huingia ziwani. Hakuna kabila linaloweza kuyala peke yake, na hakuna litakalosalimika yakikoma. Mji huu uliona mwaka 1992 na mwanzoni mwa 2008 ni nini hutokea ardhi inapofanywa chambo cha siasa. Hatutaki kuona tena.

Waumini mwakikumbuka kisa cha Isaka, aliyekuta visima vya baba yake vimefukiwa udongo na watu wenye wivu. Hakuchoma nyumba za mtu. Alivichimbua tena kimoja kimoja, aliponyang'anywa akahamia kingine, hadi akapata nafasi. Wakumbukeni pia Ahabu na shamba la Nabothi, na mkumbuke kwamba hila ile ilifanywa kwa barua rasmi zenye mhuri wa mfalme. Kazi yetu katika nchi hii ni ya namna zote mbili: kufukua visima, na kuzisoma barua zenye mhuri.

Kwa ajili ya kazi hiyo mawakili wako tayari. Mkiona mpaka umesogezwa, mkiona chemchemi imezungushiwa ua, mkiona walinzi wamebeba moto badala ya amri ya mahakama, andikeni tarehe, mahali na majina ya mashahidi, pigeni picha, kisha mtuletee. Kifungu cha 70 hakifanyi kazi kikiwa kitabuni. Hufanya kazi kikipata mlalamishi.

Mungu aibariki nchi yetu na mito yake.